Mkopo Umeongezwa: Mhadhara Juu ya Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza, extend. Nilipoitaja mada hiyo nyumbani, mke wangu alicheka, akasema watu wa Mwanza hawataacha shughuli zao za jioni waje kusikiliza neno moja, tena la watu. Naona ukumbi umejaa, kwa hiyo leo nikirudi nitakuwa na la kusema.

Kilichonifanya nikubali kuja ni barua. Nina jirani, mama anayefanya biashara ya dagaa. Ananunua Igombe, anakausha, anapakia kwenye magunia na kupeleka Kirumba, Mwaloni. Kama wafanyabiashara wengi wa mtaji mdogo, ana mkopo. Waliomkopesha siwataji, wala si hoja. Mwaka mmoja mvua zilizidi, dagaa wakaozea juu ya vichanja na marejesho yakamshinda. Akaenda kwao akaeleza shida yake, akaambiwa aandike barua, akaandika. Majibu yakaja kwa Kiswahili, jambo la kushukuru, na sentensi yenye uzito ilikuwa hii: "Tunapenda kukujulisha kuwa mkopo wako umeongezwa kwa miezi mitatu."

Alinigongea hodi uso umemnawiri. Alikuwa ameelewa kile ambacho mtu yeyote mwenye Kiswahili chake angeelewa: mkopo umeongezwa, basi kuna fedha zaidi, na zitakuja kwa miezi mitatu. Alikwisha kuagiza magunia kwa ahadi. Ilinibidi nimweleze kwamba aliyeandika barua alikuwa anafikiri kwa Kiingereza. Alichotaka kusema ni kwamba muda wa kulipa umesogezwa mbele. Fedha ni zile zile. Yule mama akakaa kimya, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo mhadhara wangu wote: "Sasa mwalimu, kama walichoongeza ni siku, kwa nini wasiseme siku?"

Tuanze na nasaba ya neno. Waingereza walilipokea katika karne ya 14, kutoka Kilatini, extendere. Ndani yake mna vipande viwili: ex, yaani nje, na tendere, yaani kuvuta kitu mpaka kikaze, kama unavyovuta kamba ya kuanikia nguo kutoka mti huu hadi ule. Hilo tendere lina ukoo mkubwa ajabu. Hema kwa Kiingereza ni tent, kwa kuwa ni turubai lililovutwa likakaza. Kano inayoshika msuli kwenye mfupa ni tendon. Attend, kuhudhuria, asili yake ni kuivuta akili ielekee mahali. Pretend, kujifanya, ni kuvuta kitu mbele yako kama pazia ili wenzako wasione kilicho nyuma. Wagiriki nao walikuwa na ndugu wa kitenzi hicho, na kutoka kwao madaktari wamepata jina la pepopunda, tetanus, ugonjwa unaokaza misuli mpaka mwili wa mgonjwa unajipinda kama upinde.

Naona vijana wa chuo wameanza kunong'onezana, na nadhani nakijua wanachonong'ona. Tendere, tanda. Extendere, tandaza. Mbona yanafanana, na maana karibu moja? Kila ninapofundisha habari hii swali hilo huja, na kuna mwaka lilikuja na kijana aliyekwisha kuandika kurasa nne kuthibitisha kwamba Warumi walijifunza kwetu. Jibu ni kwamba ni bahati tu. Kufanana kwa neno moja ni kama kufanana kwako na abiria uliyekaa naye kwenye daladala: mnashangaa, mnacheka, mnashuka kila mtu kituo chake. Undugu wa lugha hutafutwa kwa mamia ya maneno yanayoachana na kukutana kwa utaratibu ule ule, na kwa sarufi. Wilhelm Bleek, aliyeipa familia ya lugha zetu jina la Kibantu katika kitabu chake cha 1862, hakutegemea neno moja. Alitazama namna majina yanavyopangwa katika ngeli, akaona utaratibu unajirudia kutoka lugha hadi lugha.

Hata hivyo tanda ni mlango mzuri wa kuingilia. Tazama watoto wake. Ukitanda, unaenea na kufunika. Kutandika ni kuweka kitu kikatulia juu ya kingine, kama shuka juu ya kitanda. Kutandaza ni kukisambaza kwa mkono. Utando ni ule wa buibui, au wa juu ya maziwa yaliyopoa. Mtandao ulikuwepo kabla ya intaneti, nao umeipokea intaneti bila kelele. Waliotunga neno utandawazi walichukua tanda hiyo hiyo wakaiunganisha na wazi, na mimi sijawahi kulipenda neno lile. Lakini kuna mtoto mmoja ambaye Kiingereza hakina: tandua. Tandika, tandua. Mwingereza akitaka kutengua extend hana kiambishi cha kumsaidia, inambidi atafute kitenzi kingine kabisa. Sisi silabi moja inatosha.

Umuhimu wa silabi hiyo nendeni mkauone Igombe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, maana mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti tena. Alfajiri mitumbwi inaingia mwaloni, wanawake wanapokea. Mama anamwaga ndoo juu ya kichanja au juu ya wavu mkuukuu uliotandikwa mchangani, kisha anapitisha kiganja kwa namna ambayo mimi nimejaribu nikashindwa: mkono hausukumi, unapapasa, na lundo linakuwa tabaka moja, kila dagaa peke yake, wote wanang'aa. Hapo ndipo anatandaza, na anatandaza ili aanike. Sasa ngojeni wingu. Likitokea upande wa ziwa hakuna anayesema limeongezeka wala limerefuka. Limetanda. Na kabla tone la kwanza halijaanguka utasikia sauti moja ikipaa: "Anueni!" Anika, anua. Ndani ya dakika chache tabaka limerudi kuwa lundo, limefunikwa turubai. Biashara nzima ya mwalo ule ipo kati ya vitenzi hivyo viwili, na mwaka ule wa barua jirani yangu hakuwahi kuanua.

(Wenzetu wa Goma na Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, samaki wao mdogo wanamwita sambaza. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilidhani ninaambiwa nifanye kazi.)

Basi tukirudi kwa extend, tatizo lake kwa mfasiri ni kwamba halikuambii kinachofanyika. Kamba, mkono, muda, jengo, ukoo, salamu, vyote Mwingereza anavivuta kwa kitenzi kimoja. Kiswahili kinakataa. Kwanza kinakuuliza: unavuta nini, na kikishavutwa kitakuwaje? Kikiwa kirefu zaidi, umekirefusha. Kikiwa kipana, umekipanua. Kilichokuwa kimekunjika, umekinyoosha. Kikifika kila mahali, umekieneza. Kama ulichotia ni kiasi, umeongeza, na hapo lazima useme umeongeza nini.

Mkono ndio unaochekesha zaidi. Mwingereza anauvuta mkono wake kwako na maana yake ni ukarimu. Sisi mwenye mkono mrefu ni mdokozi. Mwenye mkono wa birika ni mchoyo, kwa kuwa mkono wa birika umejikunja na hautakunjuka hata ulipasue birika lenyewe. Unyooshe mkono darasani, unaomba ruhusa. Unyooshe barabarani, unaomba lifti au unaomba shilingi. Mwalimu akisema "nitakunyoosha", hakuna aliyewahi kudhani anakaribishwa chai. Ndiyo maana rambirambi hatuzinyooshi wala hatuziongezi. Tunatoa pole.

Na mimi nimo katika kundi la wakosaji. Katika ujana wangu niliwahi kufasiri makala iliyozungumzia ile jamaa kubwa ya Kiafrika, babu, shangazi, binamu na wote. Kiingereza kinaiita familia iliyovutwa, nami nikaandika bila aibu "familia iliyopanuliwa". Baba yangu mdogo aliisoma, akavua miwani, akaniuliza: "Aliyeipanua nani?" Sikuwa na jibu. Kwa Mwingereza familia ni baba, mama na watoto, na wengine wote wamevutwa kutoka hapo. Kwa baba mdogo familia haikuvutwa na mtu. Aliikuta ina ukubwa huo, na watu wanne ndani ya nyumba moja ni sehemu tu iliyokatwa. Siku hizi naandika ukoo, au jamaa, na kama nahitaji kufafanua zaidi nasema familia pana.

Nimekitoa kisa hicho kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo nimelifikiria kwa miaka: kitenzi hiki cha Kiingereza kina mahali pa kusimama. Anayevuta yuko hapa, kinachovutwa kinakwenda kule. Chukua reli. Vitabu vya Kiingereza vinasema reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, baadaye Waingereza wakaivuta kutoka Tabora hadi Mwanza, 1928. Msemaji amesimama Tabora, anatazama mataruma yakienda kaskazini. Sasa muulize mzee wa hapa, atakuambia: "Reli ilifika mwaka wa ishirini na nane." Yeye amesimama mwambao, anaitazama ikija. Na ilikuwa na maana kubwa kwake kwamba imefika, kwa sababu kabla ya hapo pamba ya Usukuma ilipakiwa melini ikavuka ziwa hadi Kisumu, ambako reli ya Uganda ilikuwepo tangu 1901, ikashuka Mombasa. Mali ya Tanganyika ilitokea mlango wa jirani. Mtu wa Tabora angesema reli imerefushwa. Mtu wa Mwanza akisema imerefushwa, ujue amesoma gazeti lililofasiriwa. Leo hii tunaisubiri ile ya kisasa, kilomita 341 kutoka Mwanza hadi Isaka, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa 2021. Sijasikia mtu stendi akiuliza inarefushwa lini. Wanauliza inafika lini.

Daraja nalo ni vivyo hivyo, ila hapo kitenzi kinapotea kabisa. Wote mnaikumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo, magari yamejipanga, wauza mahindi ya kuchoma wanapita dirishani, mgonjwa wa Sengerema anangoja upande wa pili wa Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa. Kiingereza kinasema daraja linajivuta kilomita 3 hivi juu ya maji. Kiswahili kinasema lina urefu wa kilomita 3, basi. Daraja halifanyi kitu, limekaa. Wafasiri wetu wangejua tu kwamba mara nyingine jibu la kitenzi ni jina, wangepunguza nusu ya sentensi zinazojikongoja.

Ziwa lenyewe, kwa upande wake, halikai. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mwaka 2020 maji yalipanda kuliko watu wengi walivyowahi kuona, yakaingia kwenye hoteli, mashamba na mialo. Tuseme ulijenga mita 80 kutoka majini, kwa halali, na risiti unazo. Maji yakasogea mita 30. Je, eneo la katazo limepanuliwa? Hakuna aliyelipanua, hakuna tangazo, hakuna sahihi. Mwanasheria wa Kiingereza atasema limejivuta, na kitenzi kitamruhusu kutomtaja mtendaji. Wenye nyumba za ufukweni walisema "ziwa limetuingilia", na mimi naona kauli hiyo inamtaja mtendaji na inamtaja aliyetendwa. Silabi ile ya -li-, ingilia, ndiyo inayobeba kilio.

Nimegusa sasa kitu ambacho wanaisimu wenzangu wanakipenda kuliko chakula. Viambishi hivi tunavyobandika mwishoni mwa mzizi wa kitenzi, -ia, -isha, -ana, -wa, -ua, Waingereza wanaviita kwa jina lililotokana na kitenzi chetu hiki hiki: ni mivuto ya kitenzi. Kwao kitenzi kimevutwa kama mpira. Na sisi tukaviitaje? Mnyambuliko, kutoka kunyambua. Kunyambua, kwa mpishi, ni kuichambua nyama ya kuku iliyoiva kwa vidole mpaka nyuzi zinaachana. Mwingereza anaona kitenzi kinarefuka. Sisi tunaona kimeachanishwa ili kila unyuzi uonekane. Kwa maoni yangu sisi tumeona vizuri zaidi. Pigiana si piga iliyovutwa. Ni piga iliyofunguliwa ukaona ndani yake kuna watu wawili, na kila mmoja anampigia mwenzake.

Faida yake mnaiona mahakamani. Sheria ya marekebisho ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini. Mtu aliyechelewa kukata rufaa hupeleka maombi ya kuongezewa muda. Litazame neno hilo, kuongezewa. Kuna kitu kinaongezwa, muda, umetajwa. Kuna mtu anayeongezewa, yeye mwombaji, amebebwa na -ew- pale katikati. Kwa Kiingereza ni muda uliovutwa, mtu hayumo. Karani aliyetunga istilahi hiyo, yeyote awaye, apewe soda. Na kama mahakama imeweza, ofisi ya mikopo inashindwaje?

Mpaka hapa nimezungumzia neno kama neno. Lakini hapa Mwanza kitenzi hiki kina historia nyingine, ya watu na majembe, nayo sitaki kuipita haraka.

Mwaka 1873 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kupeleka wahadhiri mijini kuwafundisha watu ambao wasingekanyaga chuoni maisha yao yote, wanawake, mafundi, wafanyakazi. Walisema chuo kinajivuta, kinatoka nje ya kuta zake. Hata huu mhadhara wetu wa jioni, wenye viti vya plastiki, ni mjukuu wa jambo lile. Wamarekani wakalichukua neno wakalipeleka shambani, na sheria yao ya 1914, inayojulikana kwa majina ya Smith na Lever, ikaanzisha huduma ya kuwafikishia wakulima maarifa ya vyuo vyao. Kutoka huko neno likatua kwenye makoloni. Kwetu kituo kilikuwa Ukiriguru, hapo kusini tu, ambako utafiti wa pamba ulianza miaka ya 1930. Mbegu zake zina herufi UK mbele, UK 77, UK 91, na nimewahi kubishana na kijana aliyeamini zimetoka Uingereza. Ni Ukiriguru, kijana, Misungwi.

Aliyeyaleta maarifa kijijini hakuitwa kwa jina lolote la kuvuta. Aliitwa bwana shamba. Na bwana lilikuwa neno sahihi. Katika ule mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, alikuja na amri: lima matuta yaliyofungwa, punguza ng'ombe, panda eka kadhaa, usipofanya, faini. Baadhi ya ushauri ule ulikuwa mzuri, matuta yale kweli hushika maji. Lakini mkulima alivutwa, hakufundishwa, na katika miaka ya 1950 Wasukuma walikataa, mpaka vurugu za Geita za 1958, na serikali ikarudi nyuma. Wakulima hao hao waliokuwa wakigoma kufunga matuta walikuwa wakijenga vyama vya ushirika, na muungano wao uliundwa 1955, ukawa miongoni mwa mikubwa barani. Hawakukataa maendeleo, walikataa kuburutwa.

Mbrazili Paulo Freire, akiwa uhamishoni Chile mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika kitabu kidogo juu ya neno hili hili. Kichwa chake kinauliza: ni kuvuta, au ni mawasiliano? Akalinyambua neno kama kuku, akaonyesha kwamba anayesema anayavuta maarifa yake hadi kwa mkulima amekwisha kuamini kwamba maarifa yote yako upande wake, na mkulima ni mahali patupu pa kuyatua. Nilikisoma kitabu kile nikiwa na umri wa kuamini kila kitu. Siku hizi namwona Freire amekaza kamba mno: mbegu isiyoshambuliwa na ugonjwa ni mbegu nzuri hata mleta mbegu akiwa na kiburi. Lakini juu ya neno lenyewe sina cha kumpinga.

Na sisi tukaliitaje? Siku hizi bwana shamba ni afisa ugani. Litazameni: ndani yake naona uga, uwanja wazi mbele ya nyumba, mahali pa ngoma na mazungumzo, na -ni ya mahali. Halimo neno la kuvuta, wala bwana. Aliyelitumia kwanza hakufasiri kitenzi cha Kiingereza. Alijiuliza kazi inafanyikia wapi, akajibu: nje, uwanjani, kwa watu. Kwangu hiyo ndiyo tafsiri bora kuliko zote za extend katika Kiswahili, na ni bora kwa sababu si tafsiri. Kama afisa ugani wa kata yako anafika kweli ugani, au yuko mjini anajaza fomu, hilo mtaulizana wenyewe.

Mwanza ilikuwa na zoezi jingine la aina hii, ambalo vijana hawalijui. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, ulianzisha mradi wa kisomo kwa watu wazima katika mikoa inayozunguka ziwa, makao yake yakiwa hapa mjini. Vitabu vyake havikuanza na a, e, i, o, u. Vilianza na pamba, uvuvi, ng'ombe, migomba: mtu alijifunza kusoma kwa maneno ya kazi yake. Kisha mwaka 1974 likazaliwa gazeti la vijijini kwa ajili ya wale waliokwisha kujua kusoma, wasije wakasahau. Gazeti liliitwa Elimu Haina Mwisho. Mwingereza angesema elimu inavutwa baada ya darasa. Hapa mtu aliandika kwamba haina mwisho, na mvuvi wa Ukerewe akalielewa bila kuelezwa.

Nimebakiza jambo moja katika nasaba ya neno, nililificha makusudi. Kwa karne nyingi kitenzi hiki kilikuwa na maana ya kisheria huko Uingereza: kuithamini ardhi ya mtu, na hatimaye kuikamata kwa ajili ya deni. Mwenye deni la Mfalme alipelekewa hati iliyoitwa extent. Ardhi yake na mali yake vikatathminiwa na kuchukuliwa. Hati hiyo ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1947 tu. Kwa hiyo mdaiwa wa zamani wa Kiingereza akisikia kwamba amefanyiwa jambo hilo, alikuwa na haki ya kulia. Wa leo akisikia, ana haki ya kushukuru. Jirani yangu alisikia, akaagiza magunia.

Nilikwenda naye ofisini kwao. Karani alikuwa kijana mpole, akatuonyesha barua ya mfano ambayo wanainakili kwa kila mteja, imeandikwa hivyo tangu hajaajiriwa. Nikamwomba kalamu. Nikaandika: "Umeongezewa muda wa kulipa, kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii. Deni lako ni shilingi hizi. Kwa muda ulioongezewa utalipa riba ya shilingi hizi." Aliisoma, akasema ni ndefu. Nikamwambia, ndiyo, hii ndiyo iliyorefushwa.

Humu ukumbini wamo wanaoandika barua kama zile, wa benki, wa vikoba, wa halmashauri. Nawaomba mkaandike tarehe, mkaandike shilingi, mkamtaje mtu anayeongezewa. Riba ya ile miezi mitatu ilikuwepo, barua ya kwanza haikuitaja, na jirani yangu aliilipa kwa kuuza cherehani.